Mbege ya Ghorofani: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Unataka sifa. Usione haya, wote tunazitaka. Kazini kwenu yupo anayekimbia kila alfajiri, yupo anayefuga samaki kwenye tangi, na yupo yule aliyeoka mkate mmoja mwaka juzi na mpaka leo anausimulia. Wewe nawe unataka siku moja wageni wakiwa wamekaa sebuleni, utoke jikoni na kibuyu mkononi, useme kwa sauti ya chini: "Karibuni, hii nimepika mwenyewe."

Nitakufikisha hapo, na sitakuchosha. Mbege ya kweli, ile inayopikwa na kina mama wa Rombo, Kibosho na Marangu, inakula wiki nzima na zaidi: kuvundika ndizi, kuotesha ulezi, kupasua kuni, kukoroga, kukamua. Wewe unatoka kazini saa kumi na moja jioni, unakaa ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba hataki moshi. Kwa hiyo tutakata kona. Karibu kila kazi ya mpishi wa mbege ina njia ya mkato, na mgeni hatajua. Ziko mbili tu zisizokatika, nami nitazitaja kila moja mahali pake. Shika neno hili tangu mwanzo: mgeni anadanganyika, chachu haidanganyiki.

Kama pombe si fungu lako kwa dini au kwa afya, tembea nami hadi hatua ya sita, ulipo uji. Ukiruka hamira na ndizi, ukauacha uji ule upate uchachu kidogo kwa usiku mmoja, una togwa, na togwa nayo ina sifa zake.

1. Chagua pombe inayosamehe

Usianze na bia ya shayiri. Inataka hopsi ya kuleta uchungu, inataka kupozwa upesi, inataka wiki kadhaa ndani ya chombo na chupa. Baada ya tabu yote hiyo mgeni ataionja na kuilinganisha na Safari au Kilimanjaro aliyokunywa jana, na hapo umeshindwa. Usianze na ulanzi pia. Ulanzi hugemwa kwenye mianzi michanga msimu wa mvua, na huko Iringa ndiko kwenye mianzi. Kwenye kibaraza chako haupo.

Chukua mbege. Mbege inatakiwa iwe na ukungu kama maji ya mto baada ya mvua, iwe nzito kidogo, iwe na uchachu kidogo, iwe na uchungu kidogo. Kila kijiji cha Uchagani kinaamini mbege yake ndiyo mbege. Kwa hiyo hakuna mtu sebuleni kwako mwenye haki ya kusema umekosea. Akisema, muulize kwao ni wapi, kisha umwambie: "Aa, nyie mnapika tofauti." Amekwisha.

2. Usinunue vyombo

Watu wengi huua burudani zao dukani. Wananunua vipimo, mabomba na mitungi ya kioo, kisha hela zinaisha kabla ya ndizi. Wewe unahitaji ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, sufuria moja kubwa, mwiko mrefu, na kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia. Ndoo ziwe zile za kuwekea chakula. Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba haifai, hata ukiisugua mwezi mzima.

Sufuria kubwa iazime. Katika kila jengo yupo mama mwenye masufuria ya shughuli, anayekumbukwa panapotokea harusi au msiba. Mbishie hodi, mwamkie, mweleze unapika nini. Umepata sufuria, na umepata mshauri pia. Ukirudisha, usirudishe tupu.

3. Kimea kinunue

Ukitaka kukitengeneza mwenyewe, utaloweka ulezi usiku kucha, utautandaza gizani siku mbili tatu mpaka uote vijimizizi, utauanika, utausaga. Kibarazani kwako kuna ndege, na kama unakaa Dar es Salaam kuna unyevu. Nenda sokoni, ulizia kimea cha ulezi kilichosagwa, chukua kilo moja. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza nani aliotesha.

Usilegee kwenye jambo moja: kinuse kabla hujalipa. Kimea kizuri kina harufu ya nafaka iliyokaushwa vizuri, na ukiweka chembe ulimini utamu unajitokeza taratibu. Kikinuka kama nguo zilizolala mvuani, kiache hapo hapo. Nafaka yenye ukungu inaweza kubeba sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

4. Ndizi zinunue jioni

Asubuhi ndizi huuzwa kwa sura. Jioni huuzwa kwa huruma. Nenda Jumatano saa kumi na mbili, wakati muuzaji anatazama lile fungu lenye madoa meusi na kufikiria kesho litamfia. Yeye anaona hasara, wewe unaona sukari. Ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga ule hugeuka kuwa sukari, na sukari ndiyo chakula cha chachu. Zile zinazokataliwa na wanunuzi wa ndizi za kupendezesha meza ndizo unazozitafuta. Chukua kilo tano. Acha zilizopasuka na kuota ukungu.

Menya, katakata vipande vidogo, tia maji kiasi cha kufunika, chemsha. Kijijini ndizi hukaa motoni saa nyingi mpaka zinageuka wekundu wa udongo. Wewe una mtungi mmoja wa gesi na mwezi haujaisha. Vipande vidogo vinaiva ndani ya saa moja. Zima, funika, kalale. Joto lililobaki linamalizia kazi usiku bila kukudai hela.

5. Hamira: uongo mkubwa unaoruhusiwa

Mpishi wa jadi hatii hamira. Chachu yake iko kwenye ndizi, kwenye mwiko, kwenye pipa la mbao lililopika mbege miaka na miaka. Anaachia ndizi zichache zenyewe siku kadhaa, na pipa linajua kazi. Wewe huna pipa, na ndoo yako imetoka dukani juzi. Nunua hamira ya maandazi.

Usijione mwizi. Chachu inayoumua mkate na chachu inayochachusha pombe nyingi ni jamii moja, ile ambayo wataalamu huiita Saccharomyces cerevisiae. Inakula sukari, inatoa hewa na kilevi. Kwenye mkate tunataka hewa, kwenye mbege tunataka vyote viwili.

Alhamisi asubuhi ponda ndizi kwa mwiko ndani ya ndoo. Chovya kidole: ziwe vuguvugu au zimepoa, zisiwe za moto. Ukiimwaga hamira kwenye kitu kinachounguza kidole, umeipika. Koroga kijiko kimoja cha chai cha hamira kwenye kikombe cha maji vuguvugu, subiri mpaka ianze kutoa povu, mimina, koroga, funika bila kukaza. Nenda kazini.

Hapa ndipo penye jambo la kwanza lisilo na mkato: usafi. Kila kitakachogusa ndizi baada ya kuiva kipitishe kwenye maji yanayochemka: mwiko, kitambaa, kikombe. Ndoo na mfuniko vioshe kwa sabuni, suuza vizuri, kisha vizungushie maji ya moto pande zote. Chachu inapigania nafasi na vijidudu vya kila namna, na ukiipa uwanja mchafu itashindwa. Kuvunda na kuchacha ni mambo mawili. Kosa la hapa halifichiki, kwa sababu linanuka.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja Marangu, mpishi wa siku nyingi, anajuaje kama imeiva. "Weka sikio, mwanangu," akaniambia. Nikainama juu ya pipa. Ndani kulikuwa na mchakacho mdogo mdogo, kama mvua nyembamba juu ya majani ya mgomba. Tangu siku hiyo sijatafuta kipimo kingine. Alhamisi usiku ukirudi, zima redio, weka sikio kwenye ndoo yako. Ukisikia ile mvua, jipongeze.

6. Uji ndio utakaokupendeza

Ijumaa jioni pika uji mzito kwa nusu kilo ya unga wa kawaida wa ulezi na lita nne za maji. Uive kweli, utoe mapovu mazito yanayopasuka kwa sauti. Epua. Acha upoe mpaka uweze kuchovya kidole na kukitoa haraka bila kuungua. Sasa nyunyiza nusu ya kile kimea, koroga, na uangalie.

Usiondoke hapo jikoni, ndugu yangu. Uji uliokuwa unaushikilia mwiko usimame unaanza kulegea. Baada ya dakika chache mwiko unaelea. Baada ya muda kidogo unamiminika kama maziwa, na ukionja ni mtamu, wala hukutia sukari. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Ukikitia kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki ulivyo. Ukikitia kwenye uji wa moto wa wastani, unashuhudia kitu ambacho bibi zetu walikijua kwa mikono karne nyingi kabla ya maabara kukipa jina. Mwite mtoto aje aone. Hii ndiyo sehemu ambayo huna haja ya kumvutia mgeni yeyote, kwa kuwa wewe mwenyewe umeshavutiwa.

Uji ukishapoa kabisa, chuja ndizi: ongeza lita tano za maji yaliyochemshwa na kupozwa, mimina kwenye kitambaa, kamua kwa nguvu. Changanya maji ya ndizi na uji, tia kimea kilichobaki, koroga.

7. Msesewe, na usiku mmoja

Uchungu wa mbege unatoka kwenye gome la mti wa msesewe. Kazi yake inafanana na ya hopsi kwenye bia: inaukata utamu. Mpigie simu ndugu yako Moshi akutumie kipande kwa basi. Kiasi cha nusu ya kiganja kinatosha ndoo yako. Kichemshe peke yake kwenye maji kidogo, chuja, ongeza kijiko kimoja kimoja huku ukionja.

Usizidishe. Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, na mmea mmoja wa jamii hiyo ndio uliotoa dawa maarufu ya shinikizo la damu. Miti ya ukoo huo si ya kuchezea. Anayetumia dawa za presha mpe kikombe kisicho na msesewe, au usimpe kabisa. Usiweke gome jingine badala yake kwa kuwa tu nalo ni chungu. Ukiukosa, acha. Mbege yako itakuwa tamu, utaiita mbege ya mjini, na wapo watakaoipenda zaidi.

Sasa jambo la pili lisilo na mkato: usiku mmoja. Wazee waliposema haraka haina baraka, hapa walisema kweli. Funika, usikaze, lala. Usiongeze hamira saa tano usiku kwa sababu umeona povu dogo. Na usiijaze kwenye chupa au dumu na kukaza kizibo. Hewa inaendelea kutoka, na chombo kilichozibwa kinavimba mpaka kinapasuka. Nimeona dumu la lita tano likifunguka lenyewe chini ya kiti cha basi, na abiria safu tatu wakashuka wakinuka sherehe ambayo hawakualikwa.

8. Macho ndiyo yanayokunywa kwanza

Jumamosi mchana imeiva. Pesa uliyookoa kwenye vyombo itumie hapa: nunua kibuyu kimoja na kata moja. Mbege kwenye glasi ya juisi ni kinywaji kisichoeleweka. Mbege ile ile kwenye kibuyu ni urithi. Koroga kabla ya kumimina, ili mashapo yapande na povu litokee.

Onja wewe kwanza, mbele ya watu. Huo ndio ustaarabu wa kale: mpishi anaonja ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani. Kisha mpe mkubwa kuliko wote, kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee, karibu uonje." Akishapokea, mzee yule amekuwa shahidi wako. Uchagani mbege huenda kwenye posa, huenda kwenye kupatanisha ndugu waliogombana, na heshima yake iko kwenye namna inavyotolewa kuliko ilivyopikwa.

9. Jifunze mambo matatu ya kusema

Mpishi asiyekuwa na la kusimulia anaonekana amebahatisha. Kariri haya matatu, yanatosha jioni moja.

La kwanza: mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Chachu hawakuitaja, na wakati huo hakuna aliyejua kuwa ni kiumbe hai. Hadi mwaka 1883 ndipo Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alipofaulu kutenga na kukuza chachu safi ya aina moja.

La pili: Tusker ya Kenya ilipata jina kwa tembo. George Hurst, mmoja wa ndugu walioanzisha kiwanda mwaka 1922, aliuawa na tembo akiwa mawindoni mwaka 1923, na bia ikaitwa hivyo kwa kumbukumbu yake.

La tatu: Marekani, kupika bia nyumbani bila kulipa kodi kulikuwa kosa mbele ya sheria ya shirikisho mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini ruhusa mwaka 1978. Kina mama wa Uchagani walikuwa wakipika muda wote huo.

Sema moja kwa kila kata. Ukiyasema yote kwa mkupuo watajua umekariri.

10. Ikiharibika, anguka vizuri

Siku moja itakukataa. Jua la kufanya kabla wageni hawajafika.

Haina povu wala mvua sikioni? Hamira ilikufa. Koroga nyingine kwenye maji vuguvugu, itie, sogeza karamu hadi Jumapili. Waambie bado inakua.

Imekuwa nzito mno? Chuja mara ya pili. Machicha mpelekee mfugaji wa nguruwe au kuku, utapata mayai ya shukrani.

Imekuwa kali, inakunja uso? Usiimwage. Kilevi kikipata hewa, vijidudu vingine hukigeuza kuwa siki. Ichuje, itie kwenye mtungi wa kioo, funika kwa kitambaa, iache wiki mbili tatu. Ikikomaa, nyunyiza kwenye kachumbari au lowekea nyama. Waambie ulikusudia siki ya ndizi tangu mwanzo. Ladha yake itakutetea.

Lakini ikiwa na ukungu wa rangi juu, au ikinuka kuoza, imwage chooni bila mjadala. Hakuna sifa inayolipa tumbo la mgeni.

Mipaka

Nimekufundisha kukata kona, sasa nikuonyeshe ukuta. Usikeneke. Mbege ikipitishwa motoni kukusanya mvuke inakuwa gongo, na gongo ni kosa la jinai Tanzania. Usitie kitu cha kuongeza nguvu. Watu wetu waliopofuka na kufa kwa pombe ya kienyeji wengi waliuawa na methanoli iliyochanganywa na mtu mwenye tamaa. Usiuze hata kikombe, kwa maana kuuza kunataka leseni. Mbege haina namba ya kilevi kwenye lebo, hivyo ihesabu kama bia, na aliyekunywa asishike usukani. Inywe siku hiyo hiyo au kesho yake.

Na deni lako usilisahau. Kila mkato niliokupa umekatwa kwenye njia iliyotengenezwa na kina mama wanaoamka alfajiri, wanaosomesha watoto kwa pipa moja la mbege, na ambao majina yao hayamo kwenye kibuyu chochote. Siku ukifika Moshi, tafuta mmoja. Nunua kwake, lipa anachotaja bila kupunguza, kaa kwenye kigoda, weka sikio kwenye pipa lake. Ukirudi ghorofani utajua yako imepungukiwa nini, na safari ijayo utaipa siku moja zaidi.

Jumatano saa kumi na mbili jioni, sokoni. Yale mafungu yenye madoa meusi huwa nusu bei.